Nikahi ya Rebeka

Jumatatu, 4 Agosti

Nimefagia kanisa mwenyewe leo, mfagiaji ameenda kwao. Vumbi la mwezi huu ukilitoa mlangoni linaingia dirishani. Kisha hospitali, kumwombea mama mmoja wa kwaya aliyepasuliwa. Anaendelea vizuri. Kisha kwa fundi kuulizia viti vya kanisa. Hajaanza hata kimoja.

Rebeka alipiga simu nikiwa mezani. Hakuzunguka. Harusi ni Jumamosi tarehe ishirini na tatu, Garbatulla, nyumbani kwa kina Hassan, mchumba wake. Atafungishwa na sheikh. Amesilimu tangu mwezi wa sita. Alinificha kwa sababu aliogopa sauti yangu.

Sikupaza sauti.

Akasema, "Apa, sikuombi ukubali. Nakuomba ukuje tu. Ukae. Mtu wangu mmoja awe pale."

Apa. Tangu aanze kazi ya uuguzi ananiita Baba, kama watu wa mjini. Leo amerudi kwenye Kiturkana chetu.

Chakula nimewapa kuku.

Jumatano, 6 Agosti

Nimemwambia Esta. Alikuwa anafua. Aliendelea kufua shati lile lile mpaka nikadhani litachanika. Kisha mke wangu akasema yeye hana binti Garbatulla. Akaingia ndani, akachukua picha ya Rebeka ya siku ya kuhitimu, akailaza kifudifudi juu ya kabati. Hakulia. Ningependa alie.

Nina hasira. Naiandika hapa kwa sababu hakuna mahali pengine pa kuiweka. Nina hasira na Hassan, aliyeenda kufunga pampu ya sola kwenye kituo cha afya cha Rebeka akaondoka na mtoto wangu. Nina hasira na mimi mwenyewe, niliyempeleka Garbatulla siku ya kuripoti kazini nikamwambia awe mpole na watu wa huko. Kubwa kuliko zote ni hasira niliyo nayo kwa Mungu, na hiyo siwezi kuisema madhabahuni.

Nilimbatiza kwa mikono hii. Maji ya mto yalikuwa baridi. Aliibuka akicheka.

Jumapili, 10 Agosti

Nimehubiri vibaya. Nilipotea katikati, nikarudia nilichokuwa nimeshasema.

Watu wanajua. Isiolo ni mji mdogo. Mlangoni mama mmoja alinishika mkono kwa mikono yake miwili, kama unavyomshika mfiwa. "Pole, Mchungaji." Hakusema pole ya nini.

Jumanne, 12 Agosti

Baraza la wazee wa kanisa. Mwenyekiti wetu ni Mzee Kaimenyi, Mmeru mwenye duka la mbegu, mtu aliyebeba mawe pamoja nami tulipojenga kanisa hili la Bulla Pesa. Hana ubaya moyoni. Hilo ndilo linaloumiza. Alifungua Biblia pale panapokataza kufungwa nira na wasioamini, akasoma polepole, akaifunga.

"Mchungaji, tunakuhurumia. Lakini ukikaa pale, watu wataona kanisa ndilo limekaa pale. Vijana wetu wanaangalia."

Nikauliza kama baba anaweza kwenda na mchungaji akabaki nyumbani. Hakuna aliyecheka.

Uamuzi wao: nikienda, nisipande madhabahuni mpaka waketi tena.

Nakubaliana nao. Angekuwa binti wa mtu mwingine, ningekuwa upande wa Kaimenyi na ningesoma aya ile kwa sauti kuliko yeye. Naamini ndoa hii ni kosa. Naamini mtoto wangu ameuacha wokovu. Sijalegea hata kidogo, na bado sijasema kwamba siendi.

Ijumaa, 15 Agosti

Hassan amekuja, pamoja na ami yake. Salaam yao waliiacha langoni. "Habari ya hapa, Mchungaji," wakasema, kwa ajili yangu. Walileta sukari, majani ya chai na beberu. Esta alitoka kwa mlango wa nyuma na hakurudi mpaka walipoondoka.

Nilitaka kijana awe mjeuri. Si mjeuri. Ni mrefu, kucha zina grisi, anakaa kwenye ncha ya kiti. Ami yake ndiye aliyezungumza. "Mzee, hatujakuja kukunyang'anya mtoto. Tumekuja kukualika kama watu wanavyoalikana."

Nilimuuliza Hassan jambo moja tu, kama alimlazimisha.

"Muulize mwenyewe," akasema. "Mimi nilimwambia anaweza kubaki Mkristo, kwetu inaruhusiwa. Yeye ndiye alikataa. Alisema amesoma, ameamini."

Afadhali angenidanganya.

Beberu yuko uani. Amelia mchana kutwa.

Jumatano, 20 Agosti

Siwezi kuomba. Nikifungua mdomo nasikia sauti ya mchungaji, na simwamini.

Esta amehamia chumba cha Rebeka. Beberu amempa jirani.

Alhamisi, 21 Agosti

Nitaenda. Sikupata maono wala aya. Nimeamka tu nikiwa najua.

Kinachonitesa ni swali moja. Kwenye kila harusi baba huulizwa kama anamtoa binti yake. Nikisema namtoa, nimemkana Kristo mbele ya mashahidi. Nikinyamaza, nimemwaibisha Rebeka mbele ya wakwe. Nimelizunguka swali hili mpaka kichwa kinaniuma.

Nimemwambia Esta. Alikuwa amenipa mgongo. "Nenda. Lakini usiniletee salamu zake."

Ijumaa, 22 Agosti

Garbatulla. Nimepanda lori la mifugo lililokuwa linarudi tupu kutoka sokoni. Barabara imeharibika kuliko nilivyoikumbuka. Nguo zangu zote zinanuka mbuzi.

Kwa kina Hassan nimepewa chumba, godoro jipya na maji ya kuoga. Nilijiandaa kwa dharau. Kwa ukarimu sikuwa nimejiandaa.

Jioni Mzee Guyo, babake Hassan, alikuja kuketi nami. Akasema, "Hata mimi nilitaka mkwe Mborana kama sisi." Sikukasirika. Ilikuwa kauli ya kwanza ya kweli niliyoisikia tangu mwezi uanze. Tukanywa maziwa ya ngamia, wazee wawili walioshindwa na watoto wao.

Rebeka sijamwona. Yuko na wanawake.

Jumapili, 24 Agosti

Bado niko Garbatulla. Ni asubuhi, nasubiri gari. Niyaandike ya jana kabla sijaanza kuyapamba.

Ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Wanaume tuliketi kwenye mikeka uani, chini ya turubai. Wanawake walikuwa ndani ya nyumba. Niliwekwa mbele, karibu na Mzee Guyo. Neno langu bado sikuwa nalo.

Kisha nikamsikia akicheka huko ndani. Kucheka kwake ni kule kule, kunaanza juu na kuishia puani. Nikaamua hapo hapo. Nikiulizwa nitasema namtoa, na Mungu anihukumu.

Sheikh alikuwa kijana mwenye miwani. Akauliza walii wa bibi harusi, yule wa kumwoza, ni nani. Nikainua mkono.

Alikuja akainama karibu nami, akasema kwa sauti ya chini. "Mzee wangu, heshima yako iko pale pale. Lakini binti ni Muislamu, na walii wake lazima awe Muislamu. Hana ndugu wa kiume katika dini. Kwa hivyo nitasimama mimi."

Nikashusha mkono. Watu waliangalia kando kwa adabu. Heri wangenikodolea macho.

Wiki zote hizi nimepigana na Mungu kwa ajili ya neno ambalo hakuna aliyelihitaji.

Sheikh aliingia ndani na mashahidi kumuuliza Rebeka ridhaa yake, akatoka. Akamshika Hassan mkono. Akamtaja bibi harusi: Rukia binti Ekidor. Ekidor ni mimi. Jina langu lilisikika pale, lile nililompa yeye halikusikika. Hassan akasema amekubali. Basi. Tende zikapitishwa. Ilikwisha upesi kuliko ibada ya kuweka mtoto wakfu. Nilikula tende mbili. Zilikuwa tamu na nilijichukia kwa kuliona hilo.

Baada ya chakula Rebeka alituma niitwe. Alikuwa nyuma ya nyumba, karibu na tangi la maji. Peke yake.

"Mama?"

"Hakuweza."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyejua jibu. Kisha akasema kwa lugha yetu, "Niombee, Apa." Na akainamisha kichwa, vile alivyokuwa akifanya kabla ya kila mtihani.

Niliweka mkono juu ya shela yake. Nikaomba. Kwa mara ya kwanza tangu ile simu, maneno yalikuja. Niliomba afya. Niliomba watoto, amani ya nyumba, mume asiyeinua mkono. Nikafika mwisho. Mwisho wa maombi yangu haujawahi kubadilika tangu niokoke. Jina la Yesu lilikuwa tayari kwenye ulimi. Nikamwangalia, nikaona kwamba nikilitaja, ama ataitikia kitu alichokwisha kukiacha, ama atanyamaza mbele ya babake siku ya harusi yake.

Nikaliacha. Nikasema amina.

Naye akasema amina.

Hakuniomba niliache. Nililiacha mwenyewe.

Jumatatu, 25 Agosti

Nilifika jana ibada ikiwa imekwisha. Kaimenyi ndiye aliyehubiri. Esta hakuniuliza kitu, nami kama alivyoagiza sikumpa salamu.

Jumanne, 26 Agosti

Baraza. Waliuliza kama nilikaa. Nilikaa. Kama nilikula. Nilikula. Kama nilimtoa. Nikawaeleza jinsi nilivyoinua mkono na nilivyoambiwa niushushe. Mzee mmoja aliinamisha uso. Kaimenyi alionekana kama ametuliwa mzigo. Akaanza kusema juu ya kupumzika miezi michache, kisha kurudi polepole, kanisa lisahau.

Ningeweza kunyamaza. Nikawaambia kuhusu maombi ya pale kwenye tangi.

Kaimenyi alivua kofia, akaiweka mezani, akaivaa tena.

"Kwa nini umetuambia?"

Najua tu kwamba nisingeweza kusimama mbele yao Jumapili na kulitaja jina lile kana kwamba sikuwahi kuliona ni zito.

Mimi si mchungaji wao tena. Funguo nilizitoa pale pale.

Alhamisi, 28 Agosti

Wanawake wa kanisa wamemfikishia Esta habari kabla sijajikaza kumwambia. Alinikuta mlangoni.

"Kwenda ningekusamehe," akasema. "Wewe ni baba. Lakini hilo lingine ulimfanyia nani?"

Nikasema nilimfanyia mtoto.

"Mimi ni mama yake na sikulifanya."

Alasiri ameenda Ngaremara kwa dada yake. Amebeba begi kubwa.

Jumapili, 7 Septemba

Nimeenda kanisani. Nimeketi benchi la nyuma, kando ya watu wanaochelewa. Wengine walinisalimia, wengine waligundua wana haraka. Mhubiri alikuwa mgeni kutoka Meru. Alihubiri vizuri. Ilipofika wakati wa maombi niliomba pamoja nao, mpaka mwisho, na jina nikalitaja. Halikunichoma. Nilitegemea litanichoma. Hilo limeniogopesha zaidi.

Rebeka hupiga simu siku za Ijumaa. Tunaongea habari za mvua. Huko nako haijanyesha.

Jumatatu, 15 Septemba

Esta amerudi. Hakusema kwa nini. Amefagia uani, amewasha moto, ameweka chai mbele yangu. Analala chumba kile kile cha Rebeka.

Nimepata kibarua cha kuandika stakabadhi kwenye kinu cha mahindi. Mikono inakuwa myeupe mpaka jioni.

Jumatano, 17 Septemba

Siku ya upepo. Esta alikuwa anachagua maharagwe kwenye ungo, mlangoni, penye mwanga. Mimi nilikuwa nashona kandambili. Hatujaongea tangu juzi ila ya chumvi na maji.

Bila kuinua macho akauliza, "Alivaa nini?"

Nikamwambia. Gauni la rangi ya maziwa, refu, la mikono mirefu. Shela yenye uzi wa dhahabu pembeni. Viatu vya chini, kwa sababu uani kulikuwa na mchanga.

"Na mikono?"

Hina, nikasema. Maua madogo madogo, kuanzia kwenye vidole mpaka karibu na kiwiko.

Mikono yake ilisimama juu ya ungo.

"Amekonda?"

Nikasema hapana. Hajakonda.

Akaendelea kuchagua maharagwe.