Kifaranga cha Wino Mwekundu

Ijumaa, Kawangware. Baridi ya Julai, manyunyu tangu alfajiri, na nguo zimekataa kukauka siku ya tatu sasa.

Ninaandika nikiwa na aibu, lakini shaka haijaniisha. Afadhali niseme hivyo mapema nisijidanganye.

Kifaranga changu ni kimoja tu. Mara ya mwisho nilipoenda nyumbani Ugenya, mama alinipa tetea mkononi, nikaja naye Nairobi ndani ya kikapu. Mama hayupo tena. Mwezi huu mbwa alimuua yule tetea akiwa ameatamia, mayai yakavunjika, likabaki moja lililokuwa limeanza kupasuka. Nikaliweka kwenye boksi kando ya jiko. Kilichotoka humo ndicho kitu pekee nilichobaki nacho kutoka kwa mama.

Lakini kifaranga kikiwa peke yake hakinenepi. Kinalia mchana kutwa kikitafuta wenzake. Jumatatu nikakitoa uani kikae na kuku wa Mama Njoki, mwenye ploti hii ya vyumba tunavyopanga.

Ploti yetu ina desturi yake. Uwanja ni mmoja, kwa hiyo mpangaji anayefuga hupaka kuku wake rangi mgongoni. Kuku wa mwenye ploti hawapakwi. Asiye na rangi ni wa Mama Njoki, na hakuna wa kubisha. Jirani wa chumba cha pili ameshachukua buluu ya kufulia. Mimi nafua nguo za mwalimu mmoja kule mtaa wa Satellite, nikamwomba wino mwekundu wa kusahihishia. Nikakipaka kuanzia shingo hadi mkia.

Jumatatu jioni nikakikuta na kidonda mgongoni.

Jumanne kidonda cha pili, na manyoya yamenyofolewa. Nikatia dawa, kisha nikaongeza wino, maana ule wa kwanza ulikuwa umefifia na sikutaka mtu aseme hakijulikani ni cha nani. Jumatano asubuhi, nikitoka kwenda kazini, nilimwona Mama Njoki amekiinamia na ufagio mkononi. Aliponiona akaanza kufagia. Kufagia nini, na uwanja wote ni matope?

Hapo nikajua. Au nilifikiri nimejua.

Mama Njoki alijenga vyumba hivi mara tu baada ya uhuru, na hajawahi kufurahia wapangaji kufuga. Akicheka nami, sasa nauona ni mcheko wa kuficha kitu. Nikaacha kumsalimu. Nikapita mlangoni kwake kama napita ukuta. Nikawaambia wawili watatu pale bombani kwamba kuna mtu mzima hapa anayepigana na kifaranga.

Leo nimemdanganya mwalimu kuwa naumwa na tumbo, nikarudi saa nne. Nikajificha chooni, jicho kwenye ufa wa mbao. Nilitaka nimshike mkono ukiwa kwenye ufagio.

Kilichotokea ni hiki. Tetea wa kijivu alikuja mbio kutoka upande wa pili wa uwanja, moja kwa moja hadi kwa kifaranga changu, akakidonoa mgongoni. Wakaja wengine watano. Wakakiacha kila kifaranga kingine, wakakizunguka kile chekundu. Mama Njoki akatoka jikoni miguu mitupu na ule ufagio, akawatawanya huku akiwatukana kwa Kikuyu, akakiokota, akaanza kukiosha kwa sabuni kwenye karai.

Nilitoka chooni nikipiga kelele kwamba anafuta alama yangu.

Hakushtuka hata kidogo. "Mama Akinyi, nani alikuambia kuku inapakwa nyekundu? Kuku ikiona nyekundu inajua ni damu, lazima idonoe. Kila siku nafukuza hizi vitu na ufagio mpaka mkono inauma. Nikitaka kukuambia, wewe unanipita tu."

Mimi ndiye niliyekuwa nakipeleka kuliwa, na kila kilipoumia nikakiongezea wino.

Akakifunga ndani ya leso yake, akakikausha kifuani mchana wote. Jua lilipozama akakisukuma taratibu chini ya tetea wake mwenye vifaranga watano wa umri ule ule. Tetea akakaza mabawa, akakikubali. Kwa mara ya kwanza tangu kianguliwe, kikanyamaza.

Kwa hiyo sasa kitaishi. Ila hakina rangi, na wasio na rangi ni wa nani, ploti nzima inajua. Nilichungulia, nikaona vichwa sita vya kahawia, na sikuweza kusema kipi ni changu. Nimebaki na neno la Mama Njoki tu, mtu niliyemchafua bombani tangu Jumatano.

Ipo njia moja. Mimi ndiye niliyekilea, sauti yangu inakiamsha hata kikiwa usingizini. Nikienda pale sasa hivi nikakiita, kitatoka kinakimbia, nami nitajua. Kitatoka na vidonda vyake kwenye baridi hii, na yule tetea huenda asikikubali tena.

Nimeketi kitandani, kiatu kimoja mguuni. Je, nitaweza kunyamaza mpaka asubuhi?