Nimempaka Mafuta Mwenyeji

Jumamosi, 14 Juni

Mwalimu Dionisia, jirani yetu, amehama leo. Kirikuu, kile kigari cha mizigo, ilijaa mpaka ndoo zikafungwa kwa kamba juu ya godoro. Hata ufagio umeondoka. Paka wake hakupakiwa! Jioni nilimwona kutoka dirishani kwetu: amekaa mbele ya mlango uliofungwa, mkia umezunguka miguu, anasubiri. Kitabu kilikuwa mikononi, sijui nimesoma nini.

Jumapili, 15 Juni

Bado yupo. Nimempelekea vichwa vya dagaa. Kala, kaniangalia, karudi mlangoni kwake. Mlango wa watu walioondoka.

Jumatatu, 16 Juni

Nimemleta nyumbani ndani ya kiroba, asione njia. Nilikuwa nimepanga hotuba nzima ya kumwambia Bibi. Nilipofika nikasema tu, "Shikamoo, Bibi." Kiroba kikasema nyau.

Bibi akaacha kupepeta. Kasema nyumba hii ina paka tayari, tena mwenye kazi.

Ni kweli. Bwana Shamba, paka wetu, analala juu ya magunia ya ufuta chumba cha mbele na hakuna panya anayethubutu kusogea. Bibi anamheshimu kuliko Imrani, mdogo wangu. Alipomwona mgeni alivimba kama mto wa kulalia — fyuu! Mgeni akapotelea chini ya kitanda changu.

Hukumu ya Bibi: akae mpaka Ijumaa, Mjomba Rashidy anakuja kutoka Mandawa. Wasipoelewana, Mjomba ataondoka naye. "Na usimpe jina, Mwamini. Ukishampa jina utanililia hapa."

Mandawa! Mbwa wa Mjomba hawawezi kuvumilia hata kuku.

Jumanne, 17 Juni

Bibi kaenda msibani Chiola, atalala huko. Kaniachia kazi: paka mgeni hupakwa mafuta miguuni. Akijilamba anasahau kwao, anaona hapa ndipo nyumbani.

Nimetumia mafuta ya ufuta. Mgeni alitulia kama mtoto anayevalishwa kwenda harusini. Bwana Shamba alikuwa anatutazama kutoka juu ya gunia. Nikamwonea huruma. Mmoja apate, mwingine akose — haki hiyo? Nikampaka na yeye, miguu yote minne.

Nimejisikia vizuri sana leo.

Jumatano, 18 Juni

Bwana Shamba hayupo!

Bibi karudi, nikamweleza. Akakaa chini na buibui lake. "Umempaka mwenyeji? Sasa yeye asahau wapi?"

Imrani kacheka mpaka kashika ukuta. "Sista, umechemka! Umemfuta memori!"

Bibi hakucheka. Gunia moja limetobolewa pembeni, ufuta unamwagika sakafuni. Na magunia bado hayajaenda ghalani kuuzwa.

Tumempata mchana. Yupo barazani kwa Mwalimu Dionisia, mbele ya mlango ule ule, mkia umezunguka miguu. Nikamwita. Akatazama ukuta.

Alhamisi, 19 Juni

Nimejaribu kumbeba, kaniparura mkono. Basi nikakaa naye barazani nikisoma Baiolojia kwa sauti. Hakuvutiwa.

Bibi kasema mgeni akishaondoka, mwenye nyumba atarudi. Kesho basi. Nikajibu, "Sawa, Bibi." Kwa nini mimi kila kitu ni sawa?

Jioni mgeni alitoka chini ya kitanda. Kelele kidogo chumba cha mbele, halafu kimya. Kamweka panya mbele ya lile gunia lililotobolewa. Bibi akamtazama panya, akamtazama na yeye. "Mh," akasema. Basi.

Ijumaa, 20 Juni

Naandika haraka, niko jikoni, mgeni yupo mapajani.

Mjomba kaja, pikipiki nyekundu kwa vumbi. Bibi akatandika kiroba sakafuni chumba cha mbele, akaniambia nimlete paka. Nikamleta. Nikasimama pale nimembeba. Na mdomo ukafunguka wenyewe: "Bibi, naomba abaki."

"Kumbe huyu anaongea!" Mjomba huyo.

Bibi hajajibu, mlangoni akaingia — Bwana Shamba! Labda pikipiki imemkera kule barazani. Akaja mpaka miguuni kwangu, akasimama wima, akanusa nyayo za mgeni zilizokuwa zinaning'inia. Akanusa muda mrefu. Mafuta yale yale! Kisha fyuu — ndogo, ya kutimiza wajibu tu. Akapanda juu ya kiroba, akazunguka, akajikunja katikati.

"Mama, nimtoe?" Mjomba akauliza.

"Thubutu! Hajalala kwake tangu juzi huyu. Mwache. Kunywa chai."

Nikakimbilia huku. Chai inanyweka taratibu sana. Imrani kachungulia, anasema Bwana Shamba anakoroma na kiroba chote ni chake.

Bibi ananiita.

"We Mwamini! Hivi huyu mwenzake anaitwa nani?"

Yalaa! Sijampa jina —