Simsim Hataki Kizimba

Jumapili, 18 Februari
Damu imetolewa leo. Simsim, mbwa wa Ruba, alimlamba Daktari Lubna mkono mzima, sindano wala hakuijua. Basha ndiye aliyefanya vituko — paka wa kilo sita anajificha ndani ya koti langu kama mtoto anayepelekwa tohara. Daktari anasema damu itapimwa kuona kama chanjo ya kichaa cha mbwa imekolea, kisha tungoje miezi mitatu kamili. Ndiyo sheria ya huko Ujerumani, aliko binti yangu. Miezi mitatu! Na Ruba aliniaga pale mlangoni akisema wiki chache tu, Mama, nikipata nyumba nawachukua wote wawili.

Basi masharti ni yaleyale. Paka ruhusa popote. Mbwa jikoni na barazani, chumbani kwangu asitie pua. Nguo yangu ya kuswalia iko kwenye msumari wa juu, nyuma ya mlango. Kwa umri huu sina mgongo wa kuosha kila alichotia pua mbwa mara saba, na moja kwa udongo, kama dini inavyotaka, eti kwa sababu binti yangu alimwonea huruma mbwa wa jalalani.

Alhamisi, 14 Machi
Siku ya tatu ya mfungo. Kizimba cha safari kimeletwa. Kikubwa, kimeziba njia ya jikoni, napita ubavu ubavu. Maagizo ya msafirishaji: mlango uachwe wazi, chakula cha Simsim kiwekwe humo humo, akizoee kama chumba chake. Nimeweka ini la kuku — mimi na saumu yangu, nanusa ini saa tisa alasiri. Basha akaingia, akala, akalala. Simsim akasimama nje anamtazama. Hakutia hata ukucha.

Mama Hisham wa ng'ambo ya ngazi alikuja kuchungulia. "Mama Ruba, kumbe mbwa kapata chumba? Hisham wangu anaoa, hana pa kukaa. Tukodishie." Nilicheka, lakini nimechoka.

Jumatatu, 1 Aprili
Muuguzi mwenzake Ruba amekuja likizo, akanipitishia mfuko, akasema ni wa kizimba cha Simsim. Ndani fulana ya Ruba, inanuka jasho la zamu nzima. Aibu niliyopata! Msichana wa watu abebeshwe nguo chafu kutoka Stuttgart mpaka Amman, adhani sikumfunza mwanangu. Hajafika hata chini ya ngazi nishailoweka. Nimeifua mara mbili, nikaipiga pasi, nikainyunyizia maji ya waridi. Sasa inafaa kuwekwa kizimbani.

Jumanne, 2 Aprili
Ruba kapiga simu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, fulana nimeifua. Akasema aliivaa siku nne makusudi, harufu yake ndiyo dawa yenyewe, ya kumtuliza Simsim humo ndani. Nikamwambia ungesema. "Niliandika kikaratasi, Mama, nikakikunja ndani ya fulana." Kumbe ndiyo yale makombo meupe yaliyoganda kwenye mashuka yangu.

Akacheka. Halafu akalia. Anatoka zamu anarudi kwenye chumba kimoja, hana wa kumsemesha. "Simsim akifika nitapata usingizi, Mama." Nilikuwa bado nimeshika pasi.

Ijumaa, 19 Aprili
Bwana Ghassan, msafirishaji, amekuja kumjaribu Simsim. Akamsukuma ndani, akafunga. Dakika kumi. Zile kelele sitaki kuziandika. Alipofunguliwa pua inavuja damu na jino moja limevunjika. Ghassan si mtu mbaya, alichuchumaa akamfuta kwa kitambaa chake mwenyewe.

Akasema paka hana neno, sheria ingeruhusu hata leo angesafiri. "Lakini huyu, Hajjat, akipigana na kizimba pale uwanjani watamrudisha. Na mwisho wa Mei ndio mwisho wetu. Joto likipanda, ndege hazichukui mbwa mpaka Oktoba."

Oktoba! Mwenye nyumba keshasema Juni asimkute mbwa humu. Na Mama Hisham, kwa wema wake, amenitafutia pa kumpeleka: kaka yake ana banda la kuku huko Madaba, nje ya Amman, anataka mbwa wa kufunga mnyororo getini. Nimemwambia nitafikiri. Sifikirii kitu.

Jumamosi, 4 Mei
Majibu ya damu yamekuja, wote wawili wamefaulu. Magoti yananiuma. Ini la kuku. Hataki.

Jumatano, 15 Mei
Nimeamka kwa ajili ya swala ya alasiri nikamkuta Simsim amelala kizingitini. Pua imegusa ukingo wa mlango wangu, mwili wote uko nje. Tangu baridi mpaka leo hajavuka hata kwa ukucha. Nikamwambia, wewe una adabu kuliko wifi zangu. Nikakaa sakafuni, mimi ndani yeye nje, mpaka miguu ikafa ganzi.

Nampenda huyu mbwa. Haya, nimeandika.

Jumanne, 28 Mei
Ghassan amefika saa nne. Basha kaingia kikapuni mwenyewe, kama bwana mkubwa. Simsim akajibana nyuma ya jiko. Tukajaribu ini, akageuza uso. Tukajaribu fulana ya Ruba, akainusa — waridi tupu — akageuza uso tena.

Ghassan akatazama saa. "Hajjat, huna nguo yako yoyote? Uliyoivaa, ambayo haijafuliwa?" Jana nilifua kila kitu, kamba zote za barazani zimejaa. Ndivyo nilivyo. Ilibaki moja tu, ambayo siku yake ya kufuliwa ni Alhamisi.

Nilikwenda nyuma ya mlango wa chumbani. Nikaitoa msumarini, ile ya kuswalia. Ghassan alipoiona akasema, "Si hiyo, Hajjat." Nikamwambia shika mlango. Nikaitandika, nikainyoosha pembe. Simsim akatoka nyuma ya jiko, akaingia, akazunguka mara mbili, akalaza kidevu juu ya mkono wa nguo. Ghassan akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Amempeleka Basha garini. Ofisi yake imesema asimteremshe Simsim mpaka wapige simu, kwa hiyo nakaa naye, naandika juu ya goti. Mlango wa kizimba uko wazi. Hatoki.

Adhuhuri imeadhiniwa. Nguo nyingine ipo kabatini, mpya, aliniletea Ruba, sijaivaa hata siku moja.

Simu inaita. Si ofisi, ni Ruba. Atauliza kama Simsim ameingia, nitamwambia ameingia, ametulia. Kisha nataka kumwomba, akifungua kizimba huko, ile nguo asiifue, ibaki na harufu yangu. Mimi nimwambie hivyo, sijui nianzie wapi. Inaita tena.