Wimbo wa Mwisho Katika Mkusanyiko Wako

"Mama Fundi, nani analia humo kwenu?"

Jirani yetu mshonaji aliniuliza hivyo dirishani, asubuhi ya kwanza ulipopiga santuri za yule mama mwimbaji wa opera, mwenye sauti ya juu ya soprano. Wewe, mume wangu, ukamjibu kabla yangu, bila kuinua kichwa kwenye mashine ya santuri: "Halii, jirani, anaimba. Mbona wewe ukikoroma hatuulizi?" Akacheka mpaka akasahau alichokuja kuomba.

Mwaka umetimia, mume wangu, tangu Mwenyezi Mungu akuite, na mshonaji huyo huyo ndiye anayenigongea sasa: "Mama Fundi, leo hatumsikii?"

Ulikuwa fundi wa redio, lakini moyo wako ulikuwa kwa mama yule. Watu walikuletea santuri zake zilizokwaruzika, zilizosahauliwa stoo. Ulizikosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya mtoto, ukazikausha kwa shali yangu ukidhani sioni. Nilikuwa naona. Opera zake za ujanani, nyimbo zake fupi za kuimba na kinanda, zote ulizirekodi upya ziwe mkusanyiko mmoja, na mahali popote alipovuta pumzi hukupafuta. "Asiyevuta pumzi si mwimbaji," ulikuwa ukisema, "huyo ni king'ora."

Na mimi nikipiga magoti kusali, ulizima mashine ukangoja niseme Amina. Hata kama sauti ya mama wa watu iko juu kabisa, haijashuka.

Uliondoka na jambo moja moyoni. Wimbo wa mwisho ulimrekodi akiuimba hapa hapa sebuleni kwetu, akiwa mzee, sauti inatetemeka. Baadaye akatuma ujumbe: wimbo huo uondolewe, la sivyo hatoi ruhusa ya mkusanyiko mzima. Wewe ukakataa, ukamwomba afikiri tena. "Bila huo tutakuwa tumewapa watu msichana tu. Mama mwenyewe yuko wapi?" Maradhi yakakukuta mnavutana. Hata siku ya kufumba macho uliniuliza, "Hajajibu?"

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo. Binti yako muuguzi. Mwanao dereva, ambaye abiria wake wamezoea nyimbo za mama yule garini wapende wasipende. Dada yako, anayesema ulikuwa mbishi tangu tumboni. Na wajukuu, wanaogombania kiti chako kibovu ulichokataa kigongewe hata msumari mmoja. Maadamu tuna masikio, hutatutoka.

Na jibu lako hili hapa. Juzi mama yule alikuja mwenyewe, na fimbo yake, kunitaka niufute wimbo ule.

"Shikamoo, Mama," nikamwambia. "Usikilize mara moja tu, kisha nitaufuta mbele yako."

Akaketi, uso ameukaza. Nikauwasha wimbo, sauti yake ikapanda ikitetemeka, na pale ilipokuwa ndogo kabisa, kitu kikalia kwa chini: kriii.

"Hicho nini?"

"Kiti cha Fundi, Mama. Alikuwa anasogea akusikie vizuri."

Akaniomba niurudie, nikaurudia. Safari hii alisikiliza ameinamisha kichwa, na kiti kilipolia, aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyesalimiwa. Kisha akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akashika fimbo.

"Uache kama ulivyo," akasema. "Na kiti kisiguswe."

Akatoka.