Maoni Yangu Juu ya Bibi wa Kwenye Tableti

Ghorofa ya Kumi na Nne,
Etobicoke,
Toronto, Kanada.
9 Novemba 2025

Mpendwa Dada Winfred,

Salamu zangu zikukute hapo Nkubu umeshakama ng'ombe, umekaa, na kikombe kiko mkononi. Goti lako linasemaje? Yule daktari mpya bado anakupa vidonge vyekundu, au umeshamfukuza kama ulivyomfukuza wa kwanza? Na ndizi zimezaa? Nijibu yote, usiruke hata moja.

Sisi huku tu wazima, namshukuru Mungu, ila mguu wangu wa kushoto uko kwenye plasta. Nilianguka nikibadilisha taa ya koridoo. Usicheke. Mimi Kinoti, niliyepanda minara ya Doha jua likikaanga yai juu ya bati, nimeangushwa na ngazi ya hatua nne Kanada. Daktari amesema wiki sita za kukaa. Mke wangu Valerie anasema wagonjwa wote wa wodi yake wakiwekwa pamoja hawamchoshi kama mimi mmoja.

Barua hii unaletewa na Macharia, kijana tunayesali naye, anakuja Meru kwenye harusi ya dadake. Mpe chai, ni mtoto mzuri. Nimeamua kuandika kwa mkono kwa sababu kwa simu ungenikata kauli kabla sijafika kwenye kosa langu. Ndiyo, kosa lipo, na linahusu mwanao Lynette na ile safari yake ya Desemba ya kuja kukuona. Usishtuke, mtoto ni mzima. Lakini hajui tena kama anakuja, na aliyemfikisha hapo ni mimi. Nivumilie nianze mwanzo, maana nina kichefuchefu cha wiki tatu na lazima nikiteme kwanza.

Ilianza na Rafiq. Rafiq ni fundi mwenzangu hapa kwenye jengo, Mwismailia wa Mwanza, Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha padri. Aliponiona nimelala kama gunia la viazi akaniletea tableti iliyojaa magemu. Akaniambia haya ni ya watu wenye akili, mafumbo matupu, wala hakuna risasi. Mimi na kusifiwa akili unanijua. Nikaichukua.

Dada, ni uchafu. Wanakuonyesha jikoni mwa mtu. Chini pameandikwa vitu vya kutafuta: kitana, nyundo, kiatu cha mtoto, saa, kijiko. Sasa kitana utakikuta ndani ya supu. Nyundo imelala juu ya mkate. Kiatu kimetundikwa panapotundikwa nyama. Nyumba kama hiyo ukiingia kikweli utaita chifu na watu wa afya, lakini kwenye gemu unaambiwa hongera, umepata kitana, sasa tafuta mswaki. Mswaki umo kwenye maziwa. Ukibonyeza mahali pasipo, skrini inakufungia sekunde kumi ukae ukitubu, na ukimaliza chumba wanakuletea tangazo la sabuni. Hiyo sabuni wangeanza kuitumia wao.

Nikacheza kumi na moja. Usiniulize kwa nini. Mtu mwenye kinyaa ndiye huchungulia sufuria mpaka chini.

La kumi na mbili ndilo lililoniua. Hilo si la michoro, ni la watu wenyewe, wamepigwa video, halafu wewe mchezaji unaamua waende wapi na waulize nini. Kuna mpelelezi, kijana wa Kizungu mwenye koti refu hata akiwa karibu na jiko, anashangaa kabla hajaambiwa kitu na anatembea kama aliyebanwa na haja. Anatafuta wosia uliopotea, akafika kwenye nyumba ya bibi mmoja wa Kiafrika. Bibi ana nywele nyeupe za kubandika, makunyanzi ya kupakwa, leso mbili, na sauti wameivuruga kwa mashine mpaka inatoka kama ya mtu aliye ndani ya pipa.

Huyo bibi alinitoa roho. Mgeni amebisha, bibi amefungua, anamwacha amesimama. Halafu anamuuliza kama angependa chai. Anamuuliza! Sisi tuliolelewa kwenye nyumba za laini ya polisi Isiolo, baba na mshahara wake wa konstebo, ni lini mama alimuuliza mgeni kama atakunywa chai? Chai inaletwa tu, mgeni apende asipende. Na alipoileta, aliitoa kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia uko kiunoni, kama anayempa mbwa mfupa. Kisha kila mpelelezi akisema neno, bibi anainamisha kichwa upande na kufumba jicho moja, kama kuku anayesikiliza mvua. Ukikosea fumbo, video ile ile inarudi: kichwa upande, jicho moja, chai ya kushoto. Mimi nimeiona mara kumi na saba.

Ningenyamaza, lakini nikaenda kusoma maoni ya wachezaji wengine. Kule ndiko watu wanakotoa nyota na hukumu. Mmoja ametoa nyota tano kwa sababu ya paka. Mwingine analalamika wosia ni rahisi kupata. Halafu mmoja, sijui ametokea wapi, ameandika kwamba yule bibi ni bibi wa Kiafrika kabisa, kwamba ukimwona umefika Afrika. Hapo damu ikanipanda. Nikasema hawa watu lazima wafundishwe, na wa kuwafundisha ni mimi, niliyetembea nchi tano na kula sahani moja na watu wa kila rangi.

Nikamwita Rafiq aninyooshee Kiingereza, maana unajua mimi na shule tuliachana kidato cha pili bila kuagana. Tuliandika tukicheka mpaka plasta ikanikwaruza. Nyota moja. Ningepewa kisu ningeikata nusu. Nikasema chai ile hata mfungwa hapewi hivyo. Nikasema kichwa kile kina kupe sikioni. Nikamaliza hivi, na nakutafsiria kama ilivyo, kwa sababu lazima uisikie kutoka kwangu: "Huyu mwanamke hakulelewa na mtu. Aliyemzaa angemwona angeona haya." Chini nikatia sahihi kwa madaha, Kinoti wa Etobicoke, mtaalamu wa Afrika.

Watu wakaipenda. Kwa siku nne ilipanda mpaka ikakaa juu ya maoni yote. Nilikuwa nikimsomea kila mtu, hata mtu wa kuleta barua.

Jumapili hiyo Lynette hakuja kula. Unajua huja kila Jumapili kutoka kwake St. James Town, treni na basi, na huondoka na mikebe ya chakula. Nikasema kazi. Jumapili ya pili hakuja, simu hapokei. Valerie akaenda. Aliporudi hakuvua hata koti, akasimama mbele ya kochi langu na kuniambia maneno machache: yule bibi wa kwenye tableti ni Lynette.

Dada Winfred, nilicheka. Nilidhani ni mzaha. Kisha nikaona uso wa mke wangu.

Kumbe mtoto alichaguliwa kati ya wasichana arobaini. Ni kazi yake ya kwanza ya kuigiza, alitia sahihi asiseme mpaka gemu litoke, na alipanga ile Jumapili aliweke kwenye televisheni yetu nicheze mimi, akae pembeni aone nitamtambua saa ngapi. Asubuhi yake akafungua kusoma watu wanasemaje. Akanikuta niko juu ya wote, na jina langu na mtaa wangu chini.

Nilimwambia Rafiq anipeleke kesho yake. Alinipakia kiti cha nyuma, mguu dirishani. Mbele ya mlango wa Lynette akasema atangoja chini.

Lynette alinifungulia. Alikuwa amelia, lakini siku ile alikuwa ameshamaliza. Nilianza na mizaha, kwamba mguu huu ndio uliandika, si mimi. Hakucheka. Basi nikamwomba msamaha, halafu, Dada, mdomo wangu huu, nikaongeza kujitetea. Nikamwambia lakini mwanangu, ile chai, mkono wa kushoto, ungeniuliza tu.

Yeye hunijibu Kiingereza siku zote, wajua. Siku hiyo alinijibu kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

"Anko, kwetu chai ililetwa lini?"

Akasema hanilaumu, ananiuliza tu, kwa sababu alitafuta kichwani wakati wa kujifunza ile sehemu yake na hakupata. Nyumbani kwetu kila mtu alijitilia kwenye kikombe chenye mfuniko akaondoka nacho. Mimi zamu mbili, Valerie zamu ya hospitali, yeye na ufunguo shingoni. Wageni walikuja, ndiyo, na vinywaji viko kwenye friji, jisaidie ndugu yangu. Basi alipoambiwa alete chai kama bibi, aliileta kwa mkono uliokuwa karibu na kamera.

Nilimchukua kwako ana miaka sita, Dada. Nilikuapia mbele ya watu, kwamba utoto wake wa nyumbani hautapotea, nitamlea kama mama alivyotulea. Na kila ulipouliza kwa simu nilikwambia usijali, mtoto anajua kila kitu. Nilikuwa najigamba. Alijua hesabu, alijua kuogelea. Hivyo vingine sikumpa, kisha nikamtukana mbele ya dunia kwa kuvikosa. Nimeandika kwamba hakulelewa na mtu. Mtu mwenyewe ni mimi.

La mwisho ndilo zito, na ndilo lililonifanya niombe karatasi. Nilimuuliza ile ya kuinamisha kichwa aliitoa wapi.

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Ni Mama," akasema. "Akinisikiliza kwenye simu."

Ukweli ni huo. Kwenye simu ya video, mtandao wa Nkubu ukianza kukatika unainamisha kichwa upande, unafumba jicho moja, ili usikie mtoto anasema nini. Miaka kumi na minane, mara makaratasi, mara shule, mara ule ugonjwa uliofunga viwanja vya ndege, hajakugusa hata mkono. Hicho ndicho alichonacho cha kwako, na ndicho alichokipeleka kwenye kazi yake ya kwanza. Mimi, ndugu yako wa tumbo moja, nilikitazama mara kumi na saba nikasema ni kuku.

Gemu lenyewe bado ni takataka, hilo sitalifuta. Koti lile, supu ile, sabuni ile, yote takataka. Lakini nilijaribu kuyaondoa maoni yangu na hayaondoki. Wameniandikia kwamba yamewasaidia wachezaji wengi mno. Nimewasaidia! Basi nimeongeza mengine chini yake, safari hii bila Rafiq, kwa Kiingereza changu chenye makengeza. Nimeandika kwamba yule mwanamke ni mtoto wangu, kwamba makosa yake ya chai ni yangu, na kwamba ile namna ya kuinamisha kichwa ni ya mama yake, na ndicho kitu pekee cha kweli ndani ya gemu zima. Mpaka leo yamependwa na mtu mmoja. Nadhani ni Rafiq.

Sasa Desemba. Lynette anasema kama mimi niliyekula naye chumvi nyumba moja nimemtema hivyo, wewe na wanawake wa kanisani mtamtazamaje akiingia na kusalimia vibaya, na kukaa vibaya, na kutoa mkono wa kushoto. Tiketi ni ya tarehe kumi na nne. Ana mpaka mwisho wa mwezi huu kuirudisha. Nimembembeleza, Valerie amembembeleza. Anasema neno letu halitoshi, anangoja lako, na hawezi kukuuliza kwa sababu anaogopa utamjibu kwa upole tu.

Kwa hiyo naomba, usinijibu mimi. Hasira yako niwekee, nitaifuata mwenyewe mguu ukipona, na nitakaa pale utakaponiambia nikae. Mpigie yeye. Usimfundishe kitu. Usimwambie usijali, hayo ndiyo maneno niliyokuwa nikikuambia wewe. Macharia ana hilo gemu kwenye simu yake, nimemwagiza akuonyeshe sehemu ya bibi. Itazame kwanza, ndipo umpigie, umwambie ulimwona nani.

Msalimie Murithi na mkewe, na Mutuma mwambie nimesikia amenunua pikipiki, avae kofia, kichwa chake ni hicho hicho kimoja. Wasalimie akina mama wa jumuiya wote. Valerie anakusalimu, anasema goti ulikande kwa maji ya moto na chumvi. Mungu awalinde nyote, na aifungue njia ya mtoto mpaka mlangoni kwako.

Wako nikupendaye, na niliyekukosea,
Ndugu yako,
Kinoti