Kikombe cha Bluu cha Mama

Jumatano, baada ya isha

Miezi minne ya kikohozi, kumbe sikio! Tangu tutoke zahanati kukaa siwezi, kulala siwezi.

Makohozi yalipimwa mara mbili, hakuna kifua kikuu. Picha ya kifua nayo safi. Leo daktari mwingine, binti mdogo tu, kammulika mama sikio la kulia. Alipogusa ndani, mama akakohoa papo hapo. Daktari akavuta kipande cha pamba, cheusi, kimegandana na nta.

"Sikio nalo huleta kikohozi, bibi," akasema. "Si mara nyingi, lakini hutokea. Tusubiri wiki mbili tuone."

Pamba ile niliiweka mie. Kabla kikohozi hakijaanza mama alilalamika sikio linauma, nikamtilia mafuta ya habasoda, nikaziba, nikasahau.

Lakini kinachonikera zaidi ni kikombe. Kikohozi kilipofika mwezi wa pili nilimnunulia kikombe cha bluu, nikamwambia zawadi. Nikawa nakiosha peke yake kwa maji ya moto. Wajukuu nikawakataza kulala chumbani kwake. Hata majibu yalipotoka safi sikuacha. Nilijiambia labda wamekosea, labda...

Hajakohoa tangu alasiri. Jioni nimemmiminia chai kwenye kikombe kama vyetu. Kakitazama, kakisukuma pole pole.

"Nipe changu, mwanangu. Kile ulichonitengea."

Nikasimama pale na birika mkononi. Halafu, Mungu nisamehe, nikaenda kumletea.