Shafti Haikungoja Kompyuta

Nyaishozi, Jumatano

Shafti ya mashine ya kusaga ya Baba imekatika tena leo, na mimi nilifurahi. Naandika hapa kwa sababu hakuna wa kumwambia.

Asubuhi Fundi Deusi aliichomelea vizuri kabisa, kisha akanyanyua ndoo ya maji.

"Fundi, tafadhali usimwage," nikamwambia. "Chuma hiki kikipozwa ghafla kinageuka ndani, kinakatika hapa pembeni kama glasi. Kifukie kwenye majivu hadi jioni."

"Hadi jioni?" Baba akadakia. "Na hawa wenye mahindi niwafukie wapi?"

Nikawaonyesha kompyuta. Ndiyo utafiti wangu wa chuo: programu inakigawa chuma vipande vidogo maelfu, inakokotoa joto la kila kipande na namna kinavyogeuka kikipoa.

"Itamaliza lini?" fundi akauliza.

"Keshokutwa."

Akamwaga maji.

Mashine ilisaga debe moja tu. Shafti ikakatika pembeni mwa alama ya kuchomelea, palepale nilipokuwa nimepaonyesha kwa kidole. Nikapiga makofi! Baba akanitazama, wateja wakabeba mahindi yao wakaondoka. Makofi yale bado yananiuma.

Shafti sasa imechomelewa upya na imefukiwa. Baba ameketi kando ya majivu, hataki mtu asogee. Jioni akaniuliza kwa upole kompyuta inasemaje.

Nikamjibu inakubaliana na mimi. Sikuthubutu kumwambia kuwa umeme ulikatika mchana, na hesabu zote zimeanza upya.